Kifundishe dagaa, si furu peke yake: kuzoesha kichujio cha barua taka kwenye seva ya kuchangia

Mwaka juzi shangazi yangu alikosa oda ya tani tatu za dagaa kwa sababu yangu. Mnunuzi wake wa Lubumbashi alituma barua pepe kuomba profoma, akasubiri siku nne, akatuma ya pili, akasubiri tena, kisha akanunua kwa mtu mwingine palepale Mwaloni, Kirumba, soko la samaki la Mwanza, vibanda vichache kutoka kwa shangazi. Barua zote mbili zilikuwa zimefika. Zilikuwa zimelala kwenye folda ya taka, na kilichozipeleka huko ni kichujio nilichokifundisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Hatua hizi ninamwandikia mtu aliye kama mimi wakati ule. Una barua pepe za biashara ndogo kwenye seva ya kuchangia, ile ya kulipia kwa mwaka, yenye cPanel, yaani ukurasa wa kusimamia akaunti yako. Umechoka na taka, na umesikia kwamba SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka, inaweza kufundishwa. Inaweza, na inafundishika vizuri sana. Ila inameza kila unachoilisha, makosa yako pia.

Anza kwa kujua kilicho chako. Seva ya kuchangia ni kama nyumba ya kupanga yenye ua mmoja: wapangaji wengi, mita moja ya umeme, funguo za geti kwa mwenye nyumba. Mipangilio mikuu ya seva huigusi. Lakini chumbani kwako, yaani ndani ya akaunti yako, kuna folda iliyofichwa inayoitwa .spamassassin, na humo ndimo kichujio kinapotunza kumbukumbu zake. Faili la bayes_toks lina maneno na hesabu zake, bayes_seen lina orodha ya barua ambazo kimeshazisoma, na user_prefs lina mapendeleo yako. Kwenye cPanel kumbukumbu hiyo huwa ni moja kwa akaunti nzima, hivyo anwani ya mauzo, ya mhasibu na ya bosi zote zinachota kisima kimoja. Ndiyo maana siku hizi sikubali kuweka biashara mbili zisizofanana kwenye akaunti moja. Barua halali ya duka la dawa imejaa majina ya vidonge, na vidonge hivyohivyo ndivyo taka tupu kwa mwenye nyumba ya wageni.

Fungua Terminal, sehemu ya kuandikia amri ndani ya cPanel, uandike:

sa-learn --dump magic

Itakuja mistari kadhaa. Tafuta wenye nspam na wenye nham. Wa kwanza ni idadi ya barua taka zilizofundishwa, wa pili ni idadi ya barua halali. Kama yote ni 0, mwanafunzi hajaanza shule. Kama Terminal haipo, weka amri hiyo kwenye Cron Jobs, sehemu ya kupanga amri zijiendeshe kwa saa maalumu, na majibu yatakuja kwa barua pepe. Kama amri yenyewe inakataa, muulize mwenye seva swali moja tu: je, Bayes (sehemu ya kichujio inayojifunza) imewashwa, na kila akaunti ina kumbukumbu yake? Wapo wanaoizima ili kupunguza mzigo, na wapo wanaotumia kumbukumbu moja kwa seva nzima. Ukiwa huko, usipoteze bando lako kufundisha.

Sasa namna kinavyofikiri. SpamAssassin ina sehemu mbili zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza ni kanuni zilizoandikwa na watu: barua ikiwa na kasoro fulani inapewa alama, alama zinajumlishwa, na zikifika 5 barua inahesabiwa taka. Ya pili ni Bayes, iliyopewa jina la Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza wa karne ya 18 aliyefanyia kazi hesabu za uwezekano. Sehemu hii haina kanuni yoyote ya kuanzia. Inakatakata barua neno kwa neno, inahesabu kila neno limeonekana mara ngapi kwenye taka na mara ngapi kwenye halali, kisha barua mpya ikiingia inapima maneno yake na kutoa hukumu. Hukumu hiyo inaonekana kama BAYES_00 ikiwa ina uhakika barua ni safi, BAYES_50 ikiwa haijui, na BAYES_99 ikiwa ina uhakika ni taka. Kwa viwango vya kawaida BAYES_00 inapunguza alama 1.9, na BAYES_99 inaongeza 3.5. Ona uzito huo: 3.5 kati ya 5. Na haitamki neno mpaka iwe imesoma barua taka 200 na barua halali 200. Ukiipa taka elfu moja na halali 199, itakaa kimya.

Hapa ndipo sisi tunaoandika Kiswahili tunapaswa kuwa makini kuliko wengine. Kanuni zile za sehemu ya kwanza zinazosoma maneno ya barua, nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Barua inayosema "mkopo wa haraka bila dhamana, tuma ada ya usajili kwa namba hii" inapita mbele yake kama mtu aliyevaa sare ya mlinzi. Bayes ndiyo sehemu pekee inayoweza kukijua Kiswahili, na itakijua kutoka kwako, maana hakuna mwingine wa kuifundisha.

Tena Kiswahili chetu kinahitaji mifano mingi. Kiingereza kina neno moja la kutuma na vijineno vichache vinavyolizunguka. Sisi tuna nimetuma, umetuma, atatuma, tumetumiwa, watatutumia, na kichujio kinaona kila moja kama neno jipya kabisa. Hakijui kwamba ndani ya yote mna tuma. Maneno ya herufi chini ya tatu, kama wa, ya na la, kinayaruka. Na neno likizidi herufi 15 kinalikata, kinabaki na herufi saba za mwanzo tu. Kwa hiyo "tulichokubaliana" na "tulichowalipieni" kwake ni neno moja, tulicho. Siyo kasoro ya kukukatisha tamaa. Ni sababu ya kutosimama kwenye barua 200. Kwa akaunti ambayo barua zake nyingi ni za Kiswahili, mimi naanza kuridhika nikifika 500 kila upande.

Nirudi kwenye kosa langu, kwa sababu nimeliona kwa watu wengine watatu tangu wakati ule.

Nilikuwa nimewasha Spam Box, ile folda ambayo seva yenyewe inapeleka barua inazozishuku. Nikajiona mwerevu: kila usiku nikaweka amri ya kusoma folda hiyo yote na kuifundisha kama taka. Juu ya hapo nilikuwa nimeshusha kiwango kutoka 5 hadi 3, kwa sababu karani wa shangazi alilalamika taka ni nyingi. Barua ya kwanza ya mnunuzi wa Lubumbashi ilipata 3.2 kwa vitu vidogo vidogo, ikaangukia kwenye Spam Box. Usiku amri yangu ikaichukua na kuifundisha kuwa taka: "facture", "conteneur", "paiement", "dagaa", jina la mnunuzi, hata anwani yake. Barua ya pili ilipofika, Bayes ilikuwa na uhakika. Nilipofungua ripoti iliyofichwa kwenye heda za barua ile, yaani mistari ya juu inayoonyesha ilikotoka na ilikopitia, mstari wa juu ulisomeka BAYES_99 alama 3.5, na chini yake BAYES_999, nyongeza ya uhakika wa juu zaidi, alama 0.2. Mistari mingine yote ilikuwa 0.0. Hakuna kanuni hata moja iliyomshuku yule mtu. Nilikuwa nimemfunga mimi.

Kwa hiyo shika hili kabla ya amri yoyote: usifundishe kutoka kwenye folda inayojazwa na kichujio chenyewe. Fundisha kutoka kwenye folda iliyojazwa na mkono wa mtu aliyesoma barua.

Nilikwenda Mwaloni kumweleza shangazi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda pembeni ya turubai, dagaa wamemwagwa, na binti mgeni kazini amechuchumaa mbele yake akijifunza kuchagua. Waliovuliwa na taa usiku huja wamechanganyika na furu wadogo, changarawe na magamba ya konokono. Shangazi alikuwa ameweka rundo la dagaa safi kushoto kwa binti na furu wachache kulia, na kila binti aliposita, alimshika kiganja akamwekea samaki wawili kwa pamoja: huyu mwembamba, anang'aa ubavuni kama fedha, huyu kifua kipana, pezi la mgongoni lina miiba, upapase. Binti alipapasa. Baada ya robo saa vidole vyake vilikuwa vinakwenda bila macho.

Nilimwamkia, nikaeleza habari ya barua, kumbukumbu na alama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo mashine yako umeionyesha furu tu. Dagaa itamjulia wapi?"

Nilihesabu jioni ile. nspam ilikuwa 1,140. nham ilikuwa 231, na zote hizo kichujio kilijifunza chenyewe, kwa sababu barua ikipata alama chini ya 0.1 kinaichukua kama halali bila kuulizwa. Barua zinazopata alama ndogo namna hiyo ni matangazo ya benki na risiti za mitandao, siyo mnunuzi anayeandika kwa haraka kutoka kwenye simu. Mimi sikuwa nimekionyesha dagaa hata mmoja.

Nilifuta kumbukumbu yote kwa sa-learn --clear nikaanza upya, na nilivyofanya ndivyo ninavyofanya hadi leo.

Kwanza, hakikisha simu na kompyuta zote zinatumia IMAP, njia ya kusoma barua inayoziacha kwenye seva. POP3 huwa inazivuta barua na kuziondoa kwenye seva, na ambacho hakipo kwenye seva hakifundishiki. Kisha ingia Roundcube, ukurasa wa kusomea barua kwenye kivinjari, utengeneze folda mbili. Wengi huziita Spam na Ham. Kwa shangazi tuliziita Furu na Dagaa, na karani wake hakuhitaji maelezo ya pili. Barua taka iliyopenya ikaingia kwenye inboksi, ihamishie Furu. Barua halali iliyotupwa kwenye taka, iburute hadi inboksi na nakala yake uiweke Dagaa. Na kila siku, hata kama hakuna kosa lolote, nakili barua tano au sita za kawaida kwenye Dagaa. Nasema nakili, usihamishe, ili kazi ya ofisi isivurugike. Hili la mwisho ndilo watu wanaloliacha, na ndilo linalobeba kila kitu.

Usimwambie karani akutumie barua taka kwa kuzisambaza kwenye anwani yako. Barua iliyosambazwa inapoteza heda zake za asili na inavaa za karani, kwa hiyo utafundisha kwamba karani wako ni tapeli.

Katika kukusanya halali za mwanzo, chagua kwa upana. Chukua za miezi tofauti, si za wiki moja. Mimi nilichukua Kiswahili cha wavuvi wa Ukerewe na Goziba, Kifaransa cha Kongo, Kiingereza cha wakala wa mizigo, taarifa za benki, barua za TRA, hata zile fupi za "nimepokea shangazi, asante". Za mwisho hizo usizidharau. Barua ya mstari mmoja ina maneno machache ya kupimwa, na ndiyo inayoonewa kwa urahisi. Tena tafuta kwa makusudi zile zinazofanana na taka: mteja halali anayeandika "tuma namba ya akaunti nilipe leo". Maneno hayo ni ya matapeli pia, hivyo kichujio kinapaswa kuyaona pande zote mbili ili kijifunze kutoyategemea, kigeukie yanayoyazunguka. Barua inayozidi kilobaiti 256 inarukwa, kwa hiyo zile zenye picha za risiti zilizopigwa kwa simu hazitafundisha kitu. Usizihesabu.

Folda zikishajaa, kwenye Terminal:

sa-learn --spam ~/mail/jinalako.co.tz/mauzo/.Furu/cur

sa-learn --ham ~/mail/jinalako.co.tz/mauzo/.Dagaa/cur

Weka jina la kikoa chako na la anwani yako. Usisahau nukta kabla ya Furu na Dagaa, seva inaandika hivyo folda zilizo chini ya inboksi. Jibu litakuwa kama "Learned tokens from 40 message(s) (43 message(s) examined)", maana yake imepitia 43 na 40 ndizo zilizokuwa ngeni. Tatu ilishazisoma zamani, zipo kwenye bayes_seen, na haizihesabu mara mbili. Kwa hiyo kurudia amri hakuharibu.

Ukigundua umeweka barua halali kwenye Furu na imeshafundishwa, ihamishie Dagaa na uendeshe amri ya --ham. Kichujio chenyewe kitasahau fundisho la kwanza na kushika la pili. Niliogopa sana jambo hili mwanzoni, bila sababu.

Kazi ya kila usiku iandikie faili, mfano fundisha.sh:

#!/bin/bash
M=~/mail/jinalako.co.tz/mauzo
sa-learn --no-sync --spam $M/.Furu/cur
sa-learn --no-sync --ham $M/.Dagaa/cur
sa-learn --sync
find $M/.Furu/cur -type f -mtime +60 -delete

Maneno --no-sync yanaiambia iandike pembeni kwanza, kisha --sync ikusanye yote mara moja mwishoni. Ni nafuu kwa seva. Mstari wa mwisho unafuta taka za zaidi ya siku 60. Usiweke mstari kama huo kwa Dagaa, utazihitaji siku ukianza upya. Kisha kwenye Cron Jobs:

30 23 * * * bash ~/fundisha.sh

Angalia saa. Seva yangu inafuata saa za UTC, na sisi Mwanza tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 23:30 yake ni saa nane na nusu usiku kwetu, wakati hakuna anayetuma barua isipokuwa matapeli. Seva yako inaweza kuwa Marekani na saa zake, andika date kwenye Terminal uone. Kama cron inalalamika haiioni amri, andika which sa-learn upate njia yake kamili, uiweke ndani ya faili.

Mara moja kwa usiku inatosha. Nimeona mtu aliyeweka kila dakika tano. sa-learn inakula kumbukumbu na nguvu ya seva kila inapoamka, na kwenye ua wa kuchangia mwenye nyumba ana kikomo alichokuwekea. Ukikivuka tovuti yako ndiyo inayoanza kusuasua, mteja anaona ukurasa mweupe. Kwa sababu hiyohiyo, mara ya kwanza usimimine barua elfu tano kwa mkupuo. Weka mia tatu, subiri imalize, ongeza.

Kwenye mipangilio ya cPanel acha kiwango kikae 5 na uzime kabisa kufuta barua taka moja kwa moja. Kilichofutwa hakirudi. Kama una wateja wachache ambao huwezi kumudu kupoteza barua zao, waongeze kwenye user_prefs kwa mstari wa whitelist_auth ukifuatiwa na anwani yao. Usitumie whitelist_from, maana huo unaamini jina la mtumaji bila kuuliza na mtu yeyote anaweza kuligushi. whitelist_auth inadai SPF au DKIM, njia za kuhakiki kikoa cha mtumaji, ithibitishe kwanza. Mnunuzi wa Lubumbashi yumo humo sasa, alirudi kwa shangazi msimu uliofuata baada ya kupigiwa simu.

Wiki mbili za kwanza Bayes ikianza kusema, fungua folda ya taka kila asubuhi, soma vichwa vyote kwa jicho lako. Baadaye mara mbili kwa wiki. Mimi nasoma Jumatatu na Alhamisi, na Alhamisi naendesha pia --dump magic kuona nham isibaki nyuma ya nspam. Ikibaki nyuma sana nampigia karani simu, naye huwa anajua kosa ni lipi kabla sijasema.

Tarehe moja ya kila mwezi nachukua nakala:

sa-learn --backup > ~/bayes-nakala.txt

na kuipakua kwenye kompyuta yangu hapa Pasiansi. Ukihama seva, fungua akaunti mpya, pandisha faili hilo, andika sa-learn --restore ukifuatiwa na njia ya faili, kisha endesha tena --dump magic uhakikishe namba zako mbili zimefika zote.